Buibui wa handaki la Marangu: shajara ya mradi

Februari, kabla ya mvua

Mradi umeanza leo kwa maana moja tu: kichupa cha kwanza kimepata namba. Ndani yake yumo dume mmoja mkomavu kwenye spiriti ya asilimia 80, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwani wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka humo ukamwacha mnyama hana kwao. Anatoka Marangu, kwenye handaki la kale lililomo ndani ya kihamba (shamba la migomba la nyumbani) cha mzee ambaye nitamwita Babu, kama wanavyomwita wote pale kijijini.

Wasomaji wa mbali wajue kwamba Wachagga walichimba mahandaki ya namna hii ili kujificha, wao na mifugo yao, wakati wa mashambulizi ya Wamasai na wakati umangi (utawala wa chifu) mmoja ulipopigana na mwingine. Baadhi hutembelewa na watalii siku hizi. La Babu halina tiketi wala mwongozaji. Ni tundu nyuma ya zizi, limefunikwa kwa magome makavu ya mgomba ili mbuzi wasitumbukie, na kuingia ni kwa kutambaa kwa tumbo mpaka ufike panapokuruhusu kuchuchumaa.

Humo, kwenye dari la udongo, wananing'inia migongo chini buibui wa familia ya Pholcidae. Mwili ni mdogo na mwembamba, miguu mirefu kupita kiasi, na ukiwagusa hujitikisa kwa kasi mpaka jicho linashindwa kuwashika. Kila nyumba ya Moshi ina ndugu zao. Ndio wanaowindwa na fagio refu la utando mwezi wa Desemba, siku chache kabla watu hawajapanda kutoka Dar kuja kula Krismasi nyumbani. Wa majumbani mara nyingi ni Smeringopus pallidus, aliyeelezwa na Mwingereza John Blackwall mwaka 1858, na ambaye kwa kudandia mizigo ya binadamu ameenea nchi nyingi za joto duniani. Kwa hiyo kumwona Smeringopus Marangu si habari. Habari ni kwamba nilichukua dume mmoja kwenye dari la jiko la Babu na mmoja handakini, hatua chache tu kati yao, nikawaweka pamoja chini ya hadubini, na mataya yao hayafanani.

Kwa buibui hawa mataya ya dume ndiyo kitambulisho cha kwanza. Huwa na vijipembe, vinundu au vinyweleo vilivyonenepa, na mpangilio wake hutofautiana spishi hadi spishi. Rangi haina uzito huo. Wa jikoni ana madoa ya kahawia mgongoni yaliyopangwa jozi jozi. Wa handakini karibu hana kitu mgongoni ila ukanda mweusi chini ya tumbo. Kwa jicho la mpita njia hiyo ndiyo tofauti kubwa. Kwangu mimi ni sababu ya kuangalia tena, basi.

Machi, masika yamenusa

Utafiti wa aina hii hauanzi kwa tochi, unaanza kwa karatasi. Vibali vya utafiti hapa nchini vinapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na mambo ya wanyamapori yana TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ambao makao yao makuu yako Arusha. Sitaeleza foleni. Wanaozijua wanazijua.

Kibali kingine hakina mhuri. Kihamba ni cha ukoo, na handaki liko chini ya kihamba, kwa hiyo nilipanda tena Marangu na kijana ninayefanya naye kazi, tukiwa na sukari na majani ya chai. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Nikaeleza kwamba nataka kurudi mara kwa mara kwa muda wa mwaka huu, na kwamba huenda buibui wa mle chini hajawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Babu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hao tumezaliwa tukawakuta. Sasa wewe unagundua nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kwa sasa sigundui chochote, natafuta kama ameshaandikwa.

"Basi kaangalie kwenye daftari lao kwanza," akasema, "ndiyo uje unisumbue na matope."

Kazi yenyewe ni hiyo aliyoitaja Babu. Kumkuta buibui ni jambo la asubuhi moja. Kuonyesha kwamba hayumo kwenye daftari la dunia ndiko kunakokula miezi.

Jirani yake alituuliza kama ni kweli hawa ndio wenye sumu kali kuliko buibui wote, ila meno yao ni mafupi hayapenyi ngozi. Hadithi hii imezunguka dunia nzima, sijui imefikaje mpaka kwenye migomba. Haina ushahidi. Kinachojulikana ni kwamba Pholcidae hula buibui wengine, hata wakubwa kuwazidi: humtupia mwenzake nyuzi kwa miguu ya nyuma kutoka mbali mpaka ajifunge, ndipo humsogelea kumng'ata. Mwenye stoo aliye na hawa ana walinzi wa bure, lakini sijafaulu kumshawishi mama yeyote aache fagio.

Aprili, barabara ni tope

Hatupandi. Ni wakati wa daftari.

Daftari la leo liko kwenye intaneti, World Spider Catalog, linalotunzwa na makumbusho ya historia ya viumbe ya Bern, Uswisi. Mwaka 2022 lilivuka spishi 50,000 za buibui. Familia yetu peke yake ina takriban 2,000. Majina ya buibui yana upendeleo wa pekee katika sheria za uainishaji. Wanyama wengine wote wanahesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758, lakini buibui wanaanzia kwa Carl Clerck, Msweden aliyechapa kazi yake 1757. Badala ya kuvunja kanuni, wataalamu walikubaliana tu kwamba kitabu cha Clerck kihesabiwe kana kwamba kilitoka Januari 1, 1758. Napenda sheria inayojua kusogeza kalenda.

Kwa upande wetu wa mlima, njia ya kufuata ni hii. Jenasi Smeringopus ilianzishwa na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1890. Mwaka 1905 na 1906 Msweden Yngve Sjöstedt aliongoza msafara uliokusanya wanyama Kilimanjaro na Meru, na buibui wa msafara ule wakaelezwa na Albert Tullgren mwaka 1910, kisha Roger de Lessert wa Geneva akaendelea nao kwa miaka mingi. Mwaka 1957 Mjerumani Otto Kraus akawapitia ndugu wa Smeringopus. Mwaka 2012 Bernhard Huber wa Makumbusho ya Koenig, Bonn, akaichambua jenasi nzima upya, akachora palpi (vijimkono vya mbele) na mataya ya kila spishi aliyoipata. Huyohuyo Huber mwaka 2003 alikuwa ameonyesha kwamba misitu ya milima ya Afrika Mashariki imejaa Pholcidae ambao hawakuwa na majina, akaanzisha jenasi mpya ya Buitinga kwa ajili ya wengi wao.

Kwa hiyo mtu akikuambia ana spishi mpya ya Smeringopus bila kuwa na kazi ya 2012 mezani, mwachie chai yake unywe yako.

Nimeipitia picha kwa picha. Wengi wanaondoka haraka: huyu wa kusini, pembe zake zimekaa juu, huyu palpi yake nene mno. Wamebaki wachache ambao kwa maandishi wanaweza kuwa ndio. Hao inabidi waangaliwe wenyewe, yaani vile vielelezo vya kwanza vilivyobeba majina, na vielelezo hivyo viko Ulaya. Nimeandika barua pepe za kuomba picha za karibu. Mzalendo ndani yangu anaudhika kwamba ili nimjue buibui wa Marangu lazima niulize Ulaya. Lakini vichupa vile vimejazwa spiriti na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na leo mtu wa Moshi akiuliza anajibiwa. Tukijenga chetu, tujenge na bajeti ya spiriti.

Mei

Handakini tuliwahi kupata watoto wengi kuliko wakubwa, na mtoto wa Pholcidae hakuna awezaye kumtambua ni spishi gani. Viungo vinavyomtofautisha havijaumbika. Nimewafuga baadhi kwenye makopo ya plastiki sebuleni, kwenye pembe isiyopigwa na jua, na pamba yenye maji. Chakula si tatizo Moshi: weka ndizi iliyoiva sana kwenye chupa, nzi wadogo watakuja wenyewe. Mama watoto ameweka sharti moja, kwamba makopo yasivuke mlango wa jikoni.

Picha za kwanza kutoka Ulaya zimefika. Siye.

Juni, baridi

Madume wawili wamejivua ngozi ya mwisho na wamekomaa. Leo nimekaa hadubinini tangu asubuhi, na hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Mbele ya miguu minane buibui ana vijimkono viwili viitwavyo palpi. Vya jike ni vyembamba. Vya dume vina ncha zilizovimba, kwa kuwa ndivyo anavyobebea mbegu: huzidondosha kwanza kwenye kitambaa kidogo cha utando, huzifyonza kwa palpi, kisha huzipeleka kwa jike. Kwa Pholcidae, pembeni ya ncha hiyo hutoka tawi gumu, prokasusi kwa istilahi, na tawi hilo ndilo saini ya spishi. Kwa desturi ya fani huchorwa palpi la kushoto, kutoka ndani na kutoka nje.

La wa handakini, ukilitazama kutoka nje, linaanza nene, linajikunja katikati mahali penye kiungo, kisha linakwisha kwa ncha mbili. Ncha ya juu ni nyeusi, ngumu, imepinda kuelekea tumboni. Ya chini ni utando mwepesi unaopitisha mwanga, na ukingo wake una meno madogo ambayo huyaoni mpaka uizungushe taa. Ndipo nikakaa vizuri kwenye kiti. Nimepitia michoro yote ya 2012 tena kwa ajili ya ukingo ule. Wako wenye ncha mbili, lakini hakuna mwenye meno hayo pamoja na vijipembe vya mataya vilivyoshuka kiasi hiki.

Vipimo navyo vina vituko vyake. Mwili wake ni milimita 6 hivi. Mguu wa kwanza, ukiujumlisha kipande kwa kipande kutoka paja mpaka ukucha, unapita milimita 45. Shida ni kuupata mguu mzima. Hawa huachia mguu kirahisi wakikamatwa, ndiyo njia yao ya kumtoroka adui, na kichupani miguu iliyoachiwa huelea pamoja bila kusema ni wa ngapi. Siku hizi hatumshiki kwa kibano. Tunamfunika kwa kopo, tunasukuma kadi chini yake, na kumtia kwenye kichupa chake peke yake.

Kwa nini maumbile yajisumbue na pembe na meno kiasi hicho kwenye kiungo cha milimita moja? Zamani walisema ni kufuli na ufunguo, kila jike na dume wake. Kwa Pholcidae majaribio yanaelekeza kwingine. Mwaka 2006 watafiti waliomchunguza Physocyclus globosus, naye buibui wa majumbani, walionyesha kwamba wakati wa kujamiiana dume hubanabana kwa palpi zake, na jike hutoa mlio kwa kusugua palpi yake na taya, akimwambia kwa lugha yake alegeze. Dume anayetii mlio ndiye anayepata watoto wengi zaidi. Nimemsimulia kijana wangu, akanyamaza kidogo, akasema hii ipelekwe kwenye semina za ndoa.

Julai

Kwa jike hakuna pembe. Kuna bamba gumu chini ya tumbo, na siri yote iko upande wa ndani. Unalikata kwa ncha ya sindano, unalisafisha, unalitia kwenye mafuta ya karafuu. Vitabu vya Ulaya vimeyaandika mafuta haya kama kemikali ya maabara. Mimi nimeyanunua sokoni kwa mama anayeuza viungo kutoka Pemba. Nyama hupoteza uweusi wake polepole, halafu vinatokea vibamba viwili vyenye vitundu vidogo, kimoja kila upande, na umbo lao limefanana kwa majike wote wa handakini.

Mmoja wa majike tuliomkuta amebeba mayai. Pholcidae hawatengenezi mfuko mnene wa hariri wa kutundika. Jike huyafunga mayai kwa nyuzi chache sana, kiasi kwamba unayaona yote, rangi ya waridi iliyofifia, mviringo mmoja baada ya mwingine, kisha huyashika kwa mataya mpaka yaanguliwe. Hata tulipomulika tochi hakuyaachia. Alijitikisa kama desturi yao, mayai yakitikisika naye, na tukaamua abaki palepale. Mayai yake hayaongezi sentensi hata moja kwenye maelezo ya spishi.

Agosti, ukungu mpaka saa nne

Swali lililokuwa linanisumbua tangu Februari: aliishi wapi kabla ya handaki? Mahandaki haya yalichimbwa na watu, umri wake ni karne chache tu. Spishi haizaliwi kwenye shimo la juzi. Lazima kuna makao ya asili, na maelezo ya spishi yanayosema "handakini" tu yatampotosha kila atakayekuja baada yetu.

Kwa hiyo tumeshuka makorongoni. Juu zaidi hatujaenda: msitu ule tangu 2005 umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na vibali vyetu ni vya vihambani. Tumefuata mfongo (mfereji wa maji) wa zamani mpaka unapotoka mtoni, tukapekua chini ya mizizi iliyoachwa wazi na maji, chini ya mawe yaliyojitokeza, kwenye mashimo ya wanyama. Kule juani kwenye majani ya migomba wapo Pholcidae wengine kabisa, weupe, wembamba, wamejilaza upande wa chini wa jani usiwaone. Hayo yanalingana na uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa 2018 kwa takriban spishi 600 za familia hii, ulioonyesha kwamba kuhama kutoka makao ya aina moja kwenda mengine, kwa mfano kutoka mafichoni penye giza kwenda majanini, kumeenda pamoja na kuzaliwa kwa spishi nyingi.

Wa kwetu tumempata chini ya ukingo wa mwamba, mahali ambapo mizizi ya mti mkubwa imetengeneza pazia na maji hayafiki hata masika. Dume, jike, watoto. Nimelitazama palpi palepale kwa lenzi ya mkono, na nyumbani kwa hadubini: meno yapo.

Kwa hiyo handaki lilikuwa kwake ukingo wa mwamba mrefu kuliko kawaida, tena wenye walinzi. Nimempelekea Babu taarifa. Amefurahi kusikia kwamba babu zake waliwajengea wengine pasipo kujua, lakini akasisitiza kwamba kodi haijalipwa.

Agosti, mwishoni: Ugweno

Safari fupi upande wa Pare ya Kaskazini. Sababu ni ya miamba. Kilimanjaro ni volkano, haina hata miaka milioni 3. Milima ya Pare ni sehemu ya Tao la Mashariki, miamba yake ni ya zamani sana na misitu yake inajulikana kwa viumbe wasiopatikana kwingine. Kama buibui wetu yupo Ugweno, basi huenda mlimani alihamia. Kama hayupo, hadithi ni nyingine.

Ndani ya nyumba tulizokaribishwa, pallidus tupu. Chini ya mwamba mmoja juu ya shamba la tangawizi, dume mmoja: mgongo mtupu, ukanda mweusi chini ya tumbo, vijipembe vimeshuka. Kijana alipiga kelele. Usiku kwenye hadubini prokasusi yake ina ncha moja, na haina jino hata moja.

Huyo si wetu. Amepata kichupa chake na namba yake.

Septemba

Vinasaba, kwa kifupi. Mguu mmoja wa dume wa handakini, mmoja wa korongoni, na mmoja wa Ugweno, wote walihifadhiwa kwenye spiriti ya asilimia 96 kwa kuwa ya 80 inafaa umbo lakini inachosha vinasaba. Kipande kinachosomwa kwa kawaida ni cha jeni iitwayo COI, herufi 658. Kifurushi kilikwama kwa msafirishaji mmoja kwa kuwa spiriti inawaka moto, tukakipeleka upya kwa kiasi kidogo ndani ya vichupa vilivyofungwa mara mbili. Majibu: handakini na korongoni ni wamoja. Ugweno amejitenga.

Majibu haya yananifurahisha, ila sitaki yasomwe kinyume. Tungeweza kuandika spishi hii kwa palpi peke yake na ingesimama.

Oktoba, vuli

Sasa jina. Kanuni ziko wazi. Tangu mwaka 2000 lazima uandike waziwazi kwamba ni spishi mpya, uteue kielelezo kimoja kitakachobeba jina milele, yaani holotaipu, na useme kitahifadhiwa wapi. Lazima maelezo yaonyeshe anavyotofautiana na wengine. Tangu 2012 jarida la mtandaoni linakubalika, mradi chapisho liandikishwe kwanza kwenye rejista ya ZooBank. Holotaipu wetu ni dume wa handakini, yule wa kichupa cha kwanza, ambaye kwa bahati ana miguu yote miwili ya mbele.

Tulikaa na Babu na vijana wa ukoo kwenye kivuli cha mibuni. Babu alitaka jina la baba yake. Binti mmoja anayesoma chuo Arusha akauliza kwa nini lisiwe la bibi, maana handaki likitajwa ni wanaume wa vita tu, na kumbe waliokuwa wanakaa humo na watoto ni kina mama. Pakawa kimya. Babu akasema binti huyu angekuwa wakili. Yameafikiwa, na jina lipo, lakini halitaonekana kwenye shajara hii. Jina likitangulia kuchapwa bila maelezo yake kamili ni jina tupu kisheria, halina nguvu, na linawachanganya wanaokuja nyuma. Ukoo wamekubali kusubiri. Mtu mmoja tu amelibandika kwenye ukuta wa zizi kwa chokaa, na hilo haliitwi chapisho.

Novemba

Mswada umerudi kutoka kwa wahakiki wawili. Wa kwanza anataka mchoro wa palpi uonyeshe meno kwa ukubwa zaidi, na ana haki. Nimeurudia kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, kisha wino. Anataka pia tufute neno "pangoni" kila lilipo, kwa sababu pango na handaki si kitu kimoja na msomaji atadhani ni kiumbe aliyepoteza macho. Macho yake yapo yote manane.

Wa pili ameuliza juu ya dume wa Ugweno. Anasema kama tunaye, na ni jirani wa karibu, tumwelezee naye kwenye chapisho hilohilo. Nimekataa. Dume mmoja bila jike, kutoka mwamba mmoja, nitakuwa namwachia mtu mwingine miaka ijayo kazi ya kuuliza kama yule alikuwa spishi au kilema. Tumekubaliana aingie kwenye jedwali la ulinganisho kwa namba ya kichupa tu, pamoja na mchoro wa prokasusi yake, bila jina.

Mswada umerudishwa leo. Kibali cha Ugweno kinaisha Machi, na madume wa huko, kama ni kama wa kwetu, watakomaa baada ya masika. Kesho naandika barua ya kuomba kiongezwe mpaka Agosti.